Rimoti ya Vukani na Mgongo wa Mama Mkwe

Vukani Shezi ana watoto wanne, na ukimuuliza kifungua mimba ni nani atakwambia ni stereo. Mimi ni jirani yake hapa KwaMashu tangu sote tukiwa na nywele, kwa hiyo nina haki ya kumcheka. Wiki nzima anaziba matairi, mikono myeusi mpaka viwikoni. Ikifika Jumapili anavaa viatu vya rangi mbili na kofia, anajimwaga kwenye kiti chake cha dirishani, rimoti mapajani. Rimoti yenyewe ilikuwa bado ndani ya nailoni ya dukani, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mkewe Thokozile akitaka sauti ipunguzwe ili aongee kwenye simu, alikuwa anajibiwa, "Subiri tarumbeta imalize."

Tarumbeta haikumaliza. Baada ya Pasaka Thokozile alifunga virago akaenda kwa mama yake.

Vukani alijifanya ngangari, anakula mkate na chai asubuhi na jioni. Siku moja akaja kwangu akalia, pua inamtiririka kama mtoto. "Ndugu yangu, nyumba ina mwangwi," akasema. Nikamwambia huo ni mwangwi wa ujinga wake, kisha nikamuonea huruma, nikampa supu.

Hatimaye Thokozile alirudi, lakini na mama yake, MaBhengu, mwanamke mpana wa shali nzito. Alikuja kuona kwa macho yake kama mkwe huyu anafaa kuachiwa binti. Asipofaa, jioni wanaondoka wote wawili. Na siku hiyo chama chetu cha wapenzi wa jazi, kinachozunguka nyumba kwa nyumba kusikiliza na kucheza, kilikuwa na zamu kwa Vukani.

Thokozile alimtengea mama yake kiti mbele ya stereo, akamtandazia shali vizuri mgongoni, akaingia jikoni kutazama sufuria ya matumbo. Sisi tukaanza kucheza, kila mtu na miguu yake, tarumbeta inapasua dari. MaBhengu akanyoosha mkono.

"Nataka kusema na Mungu juu ya nyumba hii."

Kofia zikavuliwa. Vukani akainua rimoti, akabaki ameishika hewani. Rimoti haipenyi nyama wala sufu, na jicho la mashine lilikuwa nyuma ya kiuno cha mama mkwe. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, seuze kumwelekezea kitu tumboni na kubonyeza.

Akaielekeza darini. Akaielekeza kwenye kioo cha kabati la vyombo, maana siku nyingine mwanga wake hudunda ukafika. Wapi!

"Punguza, bwana!" nikamfokea sikioni.

"Nipunguze vipi? Mama kaziba!"

"Mwambie asogee."

"Mwambie wewe, kama una wakwe wa akiba!"

MaBhengu alikuwa anaomba kwa sauti kubwa, anashindana na tarumbeta, na tarumbeta inamshinda. Akafumbua jicho moja, akamtafuta mkwe wake.

Maji yakamfika Vukani shingoni. Alishuka kitini, akapiga magoti na suruali yake ya pasi, akatambaa katikati ya viatu vyetu. Alipofika miguuni pa mama mkwe aliinamisha kichwa mpaka sakafuni, akapitisha mkono kando ya kiti, chini ya shali, akapapasa. Kitufe cha stereo kikapatikana. Nyumba ikanyamaza.

MaBhengu akatazama chini. "Shezi. Umetambaa?"

"Nimetambaa, mama."

"Mbele ya wenzako hawa wenye makofia?"

"Mbele yao, mama."

"Basi inuka, mwanangu. Binti yangu anabaki. Na hicho kidude mpe mkeo."

Thokozile aliipokea mlangoni mwa jikoni, akaichana ile nailoni kwa meno, akaitia mfukoni mwa aproni. Nilidhani Vukani atazimia, lakini alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

Tangu hapo rimoti inaishi kwenye aproni. Juzi nilimchokoza Thokozile kwenye uzio. "Mama yako anaamini mumeo alitubu, maskini. Mwenzio alikuwa anatafuta kitufe."

"Najua," akasema, huku akianika nguo. "Unadhani kile kiti nilikiweka pale kwa bahati mbaya?"