Magoti Kando ya Lami

Lami ilipofika kwetu, kwenye bonde la njia ya Bukoba kwenda Muleba, nilipiga vigelegele kama wenzangu. Barabara ilikata kibanja chetu katikati: sisi tukabaki huku, mama mkwe wangu na migomba yake kule. Tukasema, ah, si hatua kumi tu!

Kwetu mtoto wa kike akikutana na mkubwa hupiga magoti, popote atakapomkuta. Ndivyo nilivyolelewa. Basi siku moja mama mkwe akanijia kakunja uso: "Mwanao kanisalimia kasimama kama mlingoti wa bendera. Ndiyo malezi gani hayo?" Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka. "Nisamehe, waitu," nikamwambia kwa neno letu la heshima, kisha nikamchapa binti yangu fimbo mbili za miguu. Yuko darasa la pili. Alijitetea kwamba magari yalikuwa yanapita. Nikamjibu, magari ndiyo yaliyokuzaa?

Wiki haikuisha. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala bondeni kama kawaida yake, nami nimesimama mlangoni namtazama akienda shule. Bibi yake akawa anavuka kuja kwetu na mkungu wa ndizi kichwani. Wakakutana kwenye ule mstari mweupe wa pembeni. Binti yangu akaweka mfuko wa madaftari chini, akapiga magoti. Papo hapo nikasikia lori linateremka mlima.

Nilipiga yowe. Breki zikalia, lori likatoka kwenye lami, pua ikazama mtaroni. Nikakimbia pekupeku. Ndizi zilikuwa zimetapakaa barabarani, na bibi amemkumbatia mjukuu wake, wote wamekaa chini, wazima. Mungu wangu wee!

Nikamvamia dereva kwa matusi ambayo hadi leo nimeshindwa kumtajia padri kwenye kitubio. Muuaji we! Naye alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori.

"Mama, bibi nilimwona," akasema. "Nikajua nampita vizuri. Mtoto sikumwona kabisa. Alikuwa chini."

Nikageuka, nikayatazama magoti ya binti yangu.

Jioni mama mkwe alikuja, akakaa kwenye nyasi tulizotandika sebuleni na kikombe cha chai asichokinywa. Binti yangu akasimama mlangoni, haingii.

"Mama," akaniuliza, "kesho nikimkuta bibi barabarani, nikamsalimia nimesimama, utanichapa tena?"

Nilitaka kusema hapana.

Mama mkwe akainuka kwa shida, akamwendea. "Nisalimie, mjukuu wangu." Mtoto akaanza kukunja magoti. Bibi akamdaka kwapani, akamzuia, machozi yanamtoka. "Usipige. Simama. Simama hivyo hivyo."

Akasimama, akamsalimia. Lakini macho hayakuwa kwa bibi yake. Alikuwa anautazama mkono wangu.