Nilivyopiga Taipu Fomu za Matibabu Doha

Siku ya kwanza nilifika nusu saa kabla ya ofisi kufunguliwa. Nilisimama kibarazani nimekumbatia vyeti vyangu vya madrasa, moyo ukinidunda kwa furaha. Ilikuwa mtaa wa Najma, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Nilikuwa nimesomesha watoto Kiarabu Mombasa tangu usichana wangu, na sasa, kwa mara ya kwanza, kuna mtu aliyetaka kuniajiri kwa sababu ya Kiarabu hicho.

Ninyi mnaojaza kila kitu kwenye simu, nawaeleza ofisi ya taipu ilikuwa ya nini. Fomu za serikali zilitakiwa kwa Kiarabu, tena zilizochapwa. Mgeni asiyeijua lugha alikuja kwetu na karatasi zake, sisi tukamjazia. Nyingi zilikuwa za kadi ya afya, ile iliyomwezesha mkaazi kutibiwa katika vituo vya serikali kwa ada ndogo. Tuliambatanisha picha, nakala ya pasipoti, kibali cha ukaazi na barua ya kafili, yaani mwajiri anayemdhamini mgeni. Karatasi moja ikikosekana, dirishani wanakurudisha.

Mwenye ofisi alikuwa mzee wa Kisudani, nasi tukimwita Mudiri, maana yake meneja. Aliisoma fomu yangu ya kwanza, akaichana vipande viwili.

"Umeandika haraka," akasema.

"Nilidhani ndivyo unavyotaka, Mudiri."

"Mimi nataka haraka. Mgonjwa anataka iwe sawa. Anza tena."

Nikaanza tena, na baada ya miezi michache hakuna aliyenishinda. Wakenya na Waganda wakaanza kuulizia "yule mama wa Mombasa": walinzi, madereva, wauguzi, wafanyakazi wa nyumbani. Wengine walitoka mtaa wa Al Sadd kunifuata. Nilipenda kazi ile, siwafichi. Kila kadi iliyotoka niliifurahia kama mtihani niliopasi.

Ugumu ulikuwa kwenye majina. Kiarabu hakina herufi ya "p", wala hakina "ch". Kwa hiyo "p" tunaifanya "b", hilo halina ubishi. Lakini "ch" wengine huiandika kwa shini, yaani "sh", peke yake, wengine huanza na te, yaani "t", kisha shini, na wengine huweka jimu, yaani "j". Mtu mmoja anaweza kuwa na majina matatu na asijue.

Ndipo akaja Kiprotich. Alikuwa msimamizi wa walinzi katika jengo moja kule Al Sadd, akiishi na mkewe na binti yao wa miaka mitatu, Cheptoo. Mtoto alikuwa na tundu kwenye moyo. Daktari alishaandika kwamba anahitaji upasuaji, na mimi nikawajazia maombi ya msaada wa matibabu. Maombi hayo yalikwenda kwa kamati ya serikali iliyoamua nani agharimiwe. Wiki tatu baadaye Kiprotich aliingia asubuhi, bahasha mkononi, hata salamu hakutoa.

"Mama, wamerudisha faili. Wanasema mimi si baba ya Cheptoo."

Nilizitandaza karatasi mezani. Kwenye kadi ya baba jina liliishia kwa shini. Kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto liliishia kwa te na shini. Kwa kamati, hao walikuwa wanaume wawili. Nikatazama chini ya fomu ya ile kadi ya baba, iliyopigwa taipu miaka miwili nyuma, nikaona alama ya mpigaji. Ilikuwa yangu.

Nikaenda kwa Mudiri.

"Kosa ni langu," nikamwambia. "Barua yao inasema kamati inakaa kesho."

Nilingoja anifukuze. Alichukua muhuri wa ofisi, akanitia mkononi. "Basi unakaa kwangu kufanya nini? Nenda!"

Tulikwenda ubalozini kwanza, tukaomba barua ya kuthibitisha kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja. Ilipotoka, tukakimbilia teksi hadi masijala ya afya, mahali faili zinapotunzwa. Mkuu wa Masijala alikuwa mama wa Kiqatari asiyetabasamu ovyo. Aliisoma barua, akamtazama Kiprotich.

"Mtu mmoja, au ndugu wawili wanaofanana majina?"

"Msikilize mwenyewe, Mudira," nikamwambia Mkuu, maana meneja mwanamke huitwa hivyo. Nikamgeukia Kiprotich. "Sema jina lako, baba."

"Kiprotich."

"Tena," akasema Mkuu.

"Kiprotich!"

Mkuu akajaribu kulitamka. Akatoa "Kibrutish". Karani wa pembeni akajaribu, akatoa "Kibrutij". Wa tatu akakwama katikati. Ofisi nzima ikaangua kicheko, na Mkuu mwenyewe akafunika mdomo kwa shela. Kisha akachukua kalamu, akasahihisha, akagonga muhuri na kuipeleka faili kwenye kamati kwa mkono wake.

Kamati ilikubali. Cheptoo alipasuliwa, na miezi miwili baadaye akaletwa ofisini akikimbia baina ya meza, mama yake akimfuata, "Polepole, wewe!" huku akilia na kucheka.

Mkuu wa Masijala hakunisahau. Alinitaka nimwandikie orodha ya majina ya Kiafrika, kila moja na tahajia yake moja. Niliifanya kwa miezi minne. Alipoipokea aliniajiri pale pale, na Mudiri akaniaga kwa maneno machache: "Nilijua watakuja kuniibia."

Masijala nilikaa mpaka nilipostaafu. Huko niliona karatasi zikipungua na mashine zikiongezeka. Wenzangu walinung'unika; mimi nilishangilia. Nimejiuliza mara nyingi kama ninajivunia umahiri wangu. Kidogo. Zaidi nakumbuka kwamba nilikosea, nikasema, na bado nikaaminiwa kazi.

Siku yangu ya mwisho, nishavaa mtandio wa kuondokea, mama mmoja wa Kiganda alisimama mbele ya mashine ya kuhuisha kadi.

"Mama, hii kitu inaniuliza maneno."

Nikaweka mkoba chini. Tukasoma pamoja, nikamwonyesha pa kubonyeza, akabonyeza. Kabla hatujavuta pumzi mbili, kadi ikakubaliwa. Kazi niliyozoea kuisubiri kwa siku nyingi! Sikuweza kujizuia, nikapiga kigelegele, naye akaitikia.

Mlinzi akaja mbio. "Kuna nini? Nani ameumia?"

"Hakuna aliyeumia," nikamjibu. "Mtu amepata kadi."