Mshenga wa Pikapu ya Buluu

Jedidah aliuza omena katika soko la Homa Bay, na omena wake hawakuwa na tofauti yoyote na omena wa jirani. Watu walimwendea kwa sababu ya karatasi. Alinunua magazeti ya zamani kwa mizigo kutoka maofisini na mahotelini, akafungia samaki, na kabla ya kumkabidhi mteja kifurushi alikisoma kwanza kwa sauti, mtu asije akabeba nyumbani habari asizozijua. Mwaka ule wa 1994 kulikuwa na wateja wake waliojua zaidi mambo ya miaka mitatu nyuma kuliko ya wiki iliyopita.

Ukurasa mmoja tu haukufungia samaki hata siku moja, nao ni ule wa matangazo ya vifo. Hiyo ilikuwa mali ya kazi yake ya pili, kazi iliyompa heshima kuliko omena: Jedidah alikuwa jagam, ndivyo Wajaluo wanavyomwita mshenga. Na mshenga gani atupe tangazo la kifo? Humo ukoo mzima umepangwa kama vyombo kabatini. Marehemu alikuwa mke wa nani, mkwe wa nani, watoto wako wapi na wanafanya kazi gani, na nani jina lake limeachwa makusudi. Huyo aliyeachwa ndiye Jedidah alimtafuta kwanza. Kurasa hizo alizihifadhi ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, na kijana yeyote wa kuanzia Homa Bay hadi Migori aliyetuma posa hakujua kwamba bibi yake aliyezikwa zamani alikuwa amekwisha kumsema.

Siku moja Elvis, mtoto wa marehemu kaka yake, alikuja kibandani akiwa na uso wa mtu aliyeona mchumba.

"Waya, nimepata gari," alisema. Waya ni shangazi, dada wa baba, na Elvis alilitamka neno hilo kwa utamu kila alipotaka kitu. "Pikapu. Ya buluu. Iko Suna, kwa mzee mmoja Mkuria anaitwa Maroa. Nikiwa nayo nachukua samaki wa Mfangano wakishuka tu, mchana niko Migori, jioni niko Macalder. Wale wachimba dhahabu wanakula kama moto."

"Na huyo Maroa anataka nini?"

Hapo Elvis akaanza kupangusa meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Hataki pesa. Mwanawe anaoa. Anataka ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Si hao wa nyumbani."

"Wangapi?"

"Wote."

Jedidah aliweka chini mkebe wa kupimia omena. Ng'ombe hao aliwaacha kaka yake, na mjane wake, Caren, alikuwa akiishi kwa maziwa yao. Aliyauza maziwa hayo asubuhi, akanywa kilichobaki, na jioni alizungumza nao kuliko alivyozungumza na mwanawe. Boma likibaki tupu, Caren angebaki na nini? Kuiangalia buluu?

"Mama yako amesema nini?"

"Amesema nikuulize wewe."

"Basi ng'ombe hata mmoja asivuke lango mpaka nijue nani wengine walimposa huyo binti."

"Waya, hii ni gari!"

"Anatolewa kwa ng'ombe, ana wazee wanaomsifu, na wewe huwezi kulala. Mimi sioni tofauti. Ulipofika, alikuwa amesimama vipi?"

"Vipi tena? Amesimama tu. Amepakwa mafuta, anang'aa, ameangalia barabara."

"Nambari yake unaikumbuka?"

Elvis aliikumbuka. Kijana huyo alisahau siku aliyozaliwa mama yake, lakini nambari ya pikapu aliitaja kama ubeti wa wimbo wa kanisani.

Jioni hiyo Jedidah alitoa sanduku chini ya kitanda. Kwa miaka mingi alikuwa amesoma upande mmoja tu wa kurasa zake. Upande wa pili, gazeti lilikuwa na desturi ya kuchapisha magari yanayouzwa. Sasa aliwageuza marehemu kifudifudi, mmoja mmoja, kwa kuwaomba radhi, akaanza kusoma. Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la saba, lakini kilikuwa kimepata mazoezi.

Pikapu ilikuwamo, nambari ile ile. Tangazo la kwanza lilitoka Kisumu: ya buluu, imemilikiwa na mama mmoja tu, rangi safi, viti safi, matairi mapya, injini tulivu. La pili, la mwaka uliofuata, lilikuwa na sanduku la posta la Bwana Noordin, mwenye duka la vifaa pale pale Homa Bay: rangi safi, viti safi, matairi mapya, injini tulivu, breki kali. La tatu lilikuwa la Noordin huyo huyo, miezi michache baadaye. Yote yale, na redio ya kaseti.

"Kila akirudi nyumbani anaongezewa shanga," Jedidah alijisemea.

Mtu mwingine angesoma matangazo hayo akaona gari zuri. Jedidah alisoma akaona kazi ya mshenga mwenzake. Miaka yote aliyopanga ndoa hakuwahi kusema uongo. Alichagua tu cha kusifu. Kijana akisifiwa urefu, sauti ya kwaya na Kiingereza, yeye alijua bila kuuliza kwamba kijana hana kazi. Hivyo aliyasoma matangazo yale matatu kwa kutafuta kilichorukwa. Rangi imetajwa, viti vimetajwa, hata breki. Hakuna mahali popote, hata mara moja, palipotajwa gia.

Kesho yake alikwenda dukani kwa Noordin kununua chumvi ya mawe. Duka la Noordin halikuuza chumvi.

"Mama Jedidah, chumvi ni duka la pili," Noordin alisema kwa upole. Sainab, mkewe, alikuwa nyuma ya kaunta akipima misumari.

"Aa, uzee. Basi nipumzike kidogo." Akakaa juu ya mfuko wa saruji. Katika kazi yake hakuulizia dosari. Ukimuuliza mtu dosari anaapa. Aliulizia sifa. "Bwana Noordin, ile pikapu yako ya buluu, nasikia redio yake ilikuwa inaimba mpaka ng'ambo ya ziwa."

"Redio ilikuwa nzuri sana. Mpya. Niliitia mwenyewe."

"Kwenye tangazo la kwanza haikuwamo."

Noordin akamtazama. "Wewe unasoma matangazo yangu?"

"Nasoma vifo. Wewe umelala mgongoni kwao. Sasa mtu anayeuza gari, kwa nini alinunulie redio?"

"Ili liuzike."

"Kumbe lilikuwa haliuziki."

Misumari ikamwagika kwenye sahani ya mizani. Sainab alikuwa anacheka. "Mwambie, Noordin! Mwambie ulivyokuwa unaniita kusukuma, na mimi na buibui langu, mbele ya benki!"

"Haina gia ya kurudi nyuma," Noordin alisema. "Hiyo tu. Za mbele zote nzima, wallahi. Mafundi watatu wameifungua, wakaifunga vile vile. Ukijua pa kusimama haikusumbui. Na Mzee Maroa nilimwambia wazi kabla hajachukua, mbele ya Sainab."

"Ni kweli alimwambia," Sainab alisema, akiokota misumari. "Baada ya kuonyesha redio."

Siku ya kwenda Suna, Jedidah alivaa gauni lake la posa, la kijani, na viatu alivyovivaa kwa ajili ya wakwe tu. Hakumweleza Elvis alichokijua. Uso wa Elvis haukuwa na mlango wa kufunga. Ukimwambia kitu asubuhi, mchana kimeonwa na kila mtu.

Maroa aliwapokea vizuri. Alikuwa mzee mpana, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka mlima wa pili, na mkewe Bhoke alikuwa amekwisha kutandika viti chini ya upenu wa nyumba. Pikapu ilisimama uani, inang'aa, pua imeelekea barabarani.

"Nimekuja kumwona binti," Jedidah alisema.

Maroa akacheka. "Ndiye huyo. Wajaluo mnapenda kuvaa. Na yeye amevaa."

"Ni mzuri. Kweli ni mzuri. Lakini, mzee, tangu nifike amenipa mgongo. Mgeni anapewa mgongo? Mgeuze basi atazame nyumba, nimwone uso nikiwa nimekaa. Miguu yangu si ya jana."

Bhoke aliangalia shamba lake la viazi vitamu.

Maroa hakuwa mtu wa kushindwa na ombi la mgeni. Aliingia garini, akawasha, na pikapu ikatoka langoni kwa heshima kama inakwenda safari ya mbali. Wakaisikia ikishuka barabarani, ikazunguka kwa jirani, mbwa wakabweka huko, kisha ikatokea nyuma ya nyumba kupitia pengo la ua, ikakata kona katikati ya viazi vya Bhoke, ("Maroa! Viazi vyangu!"), ikapita baina ya ghala na choo kwa upana wa kiganja, na hatimaye ikasimama mbele ya Jedidah, pua karibu na ukuta, majani ya viazi yakining'inia kwenye taa.

"Haya," Maroa alisema, akifuta jasho. "Uso huo."

Elvis alikuwa ameacha mdomo wazi. "Mzee, kwa nini usingerudi nyuma kidogo tu?"

"Hata mimi nilikuwa nataka kuomba hivyo," Jedidah alisema. "Naona taa moja. Rudi nyuma kidogo."

Maroa alizima injini. Aliegemea usukani, mabega yakaanza kutikisika, na kicheko kilipotoka kilimfikia hata Bhoke, ambaye hakuwa amepanga kucheka siku hiyo.

"Umetoka kwa Noordin," Maroa alisema.

"Nimetoka kwa Noordin."

"Sawa. Sasa na mimi niseme." Akashuka, akavuta kiti. "Mna ng'ombe mwekundu, pembe ya kushoto imekatika. Kijana wako aliniambia ana nguvu. Nguvu! Nikajiuliza, ng'ombe wa maziwa anasifiwa nguvu za nini? Nikaenda soko la ng'ombe la Rongo. Mama, huyo mwekundu wanamjua kule kama mwenye soko. Amesimamishwa mnadani Rongo, amesimamishwa Oyugis, kote amerudi nyumbani. Anapiga teke ndoo, na asipoipata ndoo anampiga mkamuaji."

Elvis akamgeukia shangazi yake. "Waya, si wewe ulinifundisha niseme ana nguvu, tulipompeleka mnadani?"

Jedidah alirekebisha gauni lake la kijani magotini, kwa muda mrefu kuliko gauni lilivyohitaji. Alikuwa ametumia siku kadhaa kutafuta neno lililorukwa katika maneno ya wengine, na la kwake mwenyewe limefuatwa mpaka mnadani na mzee wa ng'ambo ya mlima. Kwa uchungu kidogo, na kwa heshima kubwa zaidi, alitambua kwamba amekutana na mtu wa kazi yake.

"Mzee," alisema, "ungekuwa Homa Bay ningekosa riziki."

"Na wewe ungekuwa soko la ng'ombe, wachuuzi wangehama."

Baada ya hapo mazungumzo yakawa mepesi, maana hapakubaki cha kuficha. Jedidah alisema wazi kwamba ng'ombe wanaokamuliwa ni uhai wa mjane na hawatoki. Maroa alisema wazi kwamba wakwe wa mwanawe huhesabu vichwa, hawakamui mbele ya wageni. Bhoke, aliyeonekana hasikilizi, alisema kwamba baba wa binti anayeolewa ni mtu wa maringo, na teke moja au mawili yatamfaa. Wakakubaliana: gari lisilorudi nyuma kwa ng'ombe mwekundu, fahali na mitamba wawili. Wa maziwa wangebaki kwa Caren. Jedidah aliomba na redio ithibitishwe. Ikaimba.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuitoa pikapu ukutani. Maroa, Elvis na majirani wawili walisukuma. Jedidah alikaa kiti cha mbele na mkoba wake magotini, akieleza kutoka dirishani kwamba kwa desturi mshenga habebi mahari wala binti, na kwamba waangalie viazi.

Njiani, walipopita Rongo, Elvis akauliza, "Waya, kweli nimepata au nimepatikana?"

"Umeoa. Utajua polepole. Usisimame mahali usipoona pa kutokea mbele."

Aliitikia kwa kichwa kama aliyesikia. Lakini walipofika nyumbani jua linashuka, na watoto wa majirani wakaanza kukimbia kandokando wakipiga makofi, Elvis aliona lango, akaona watu, akawasha redio, akaingia moja kwa moja mpaka mwisho wa ua, pua ikaenda kugusa miti ya boma la ng'ombe. Hapo ndipo akakumbuka.

Caren alikuwa ndani ya boma na ndoo yake. Alitazama taa za gari, kisha akatazama ng'ombe wake wa maziwa nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, akiwagusa mgongoni. Walikuwapo. Wanaume walikuwa wameanza kukunja mikono ya mashati na kubishana nani akamate wapi.

"Iacheni hapo," Caren alisema. "Haiendi popote, na hawa pia hawaendi. Jedidah, shuka, ingia. Maziwa yapo, nipike chai kwanza, ndipo msukume."