Wimbi Lisilo na Mwenyewe

Kibao kilitangulia cheti. Nilimtengenezea redio mchoraji mmoja wa pale karibu na stendi, naye akanilipa kwa mkono wake: kibao cha bluu, herufi nyeupe kubwa za kusomeka kutoka kileleni mwa mlima Kwaraha. FUNDI ELEKTRONIKI MWENYE CHETI. Cheti chenyewe sikuwa nacho. Nilikuwa nimebakiza mtihani mmoja wa vitendo.

Mama watoto alikipokea kibao, akakisoma, akakiweka nyuma ya mlango kikitazama ukuta.

"Kitageuka siku utakapofaulu," akasema. "Usipofaulu nakifanya mlango wa banda la kuku."

Kwa bahati mbaya, mtaa wetu wote wa Maisaka ulikuwa umeshasikia habari za kibao hicho. Kutoka kwangu.

Siku hizo mkoa wetu ulikuwa mpya, bado unanukia rangi. Kila ukiamka, ofisi mpya imefunguliwa, ina karani kutoka mbali na mashine ya fotokopi, na vumbi letu la Babati halijui hii ni mali ya serikali. Mafundi walihitajika kuliko mvua. Ndiyo maana nilijiunga na masomo ya jioni kwenye ukumbi wa parokia, mimi na watu wazima wenzangu, magoti yetu yamekwama chini ya madawati ya watoto wa Jumapili.

Chombo chetu kilikuwa mita moja ya kupimia umeme, darasa zima. Kwa hiyo tulikuwa na sheria. Aliyeshika mita haguswi, haharakishwi, hasogelewi hata kwa pumzi, mpaka mwenyewe aseme "pokea". Watu wameota mvi wakisubiri "pokea".

Osiloskopu, ile mashine inayochora umeme kwenye kioo kama wimbi, tuliijua kwa chaki tu. Halafu mwalimu akaja na habari kwamba chuo kimoja cha Dar es Salaam kimeunganisha vyombo vyake na intaneti. Unakaa Babati, unabonyeza, chombo kinatii Dar.

"Na huo waya unapita Kondoa au Arusha?" akauliza mama mmoja mkulima wa Sigino, mkubwa wetu darasani, aliyekuja kusoma kwa sababu amechoka kudanganywa na mafundi wa redio. Hakunitazama, lakini nilijua.

"Unapita kote, mama," mwalimu akasema.

"Basi ni mrefu."

Mtihani wetu ukapangwa huko huko kwenye intaneti. Kila kundi la watu watatu lilipewa muda wake, na muda ukiisha, umeisha. Kundi langu lilikuwa mimi, mama wa Sigino na karani kijana wa ofisi za mkoa. Kazi ilikuwa kubadilisha frikwensi, yaani wingi wa mawimbi kwa sekunde, kupima kimo cha wimbi kila mara, kisha kuchora grafu. Mwalimu hakuruhusiwa kuingia nasi, akabaki kibarazani pa intaneti kafe, karibu na soko.

Tukaingia. Ukurasa ukafunguka taratibu, kama mtu anayevua koti la marehemu babu yake. Na tazama, osiloskopu ikatokea, na ndani yake wimbi la kijani linatembea, limetulia kabisa.

"Kuna mtu," karani akasema.

"Tena anajua," nikasema. "Ona mwendo huo."

"Anaweza kuwa profesa," akasema mama. "Tumwache amalize."

Tukakunja mikono. Mwalimu akachungulia dirishani, akatuona tumetulia kama maaskofu, akatuonyesha dole gumba. Tukamrudishia.

Wimbi likaendelea. Nilihisi ndevu zinaota.

"Kaka, muda wetu unaliwa," karani akaninong'oneza. "Mimi nabonyeza."

"Umpokonye mtu mita mkononi?" mama akamuuliza. "Kwenu ndivyo mlivyolelewa?"

Karani akaurudisha mkono wake mapajani.

Chini ya ukurasa palikuwa na kisanduku cha kuandikia ujumbe. "Bisha hodi," mama akaniambia. Nikaandika: Hodi. Kimya. Nikaandika: Hodi tena hapo. Kimya.

"Huyu jamaa hali, hanywi," akasema karani.

Nilipotaka kuandika ya tatu, mama akanishika mkono. "Hiyo usiikimbilie, baba. Ya tatu isipoitikiwa, tunaondoka. Ndivyo ilivyo."

Ndivyo ilivyo kweli. Lakini nikakiona akilini kibao changu kinafungia kuku, jogoo anachungulia juu ya neno CHETI. Nikajiambia, salamu si hodi, salamu haihesabiwi. Nikaandika: Shikamoo. Sisi ni wanafunzi wa Babati. Tunaona unatumia mashine, hatukuharakishi. Ukimaliza, tafadhali sema pokea.

Jibu likaja hapo hapo, kutoka kwa msimamizi wa mashine huko Dar: Marahaba. Hakuna mtu mwingine humu. Mashine hujiwasha mtu akiingia. Hilo wimbi ni lenu. Nilidhani mnasoma maelekezo, nikaona nisiwasumbue.

Tukatazamana.

"Kumbe tulikuwa tunajisubiri wenyewe," karani akasema.

Nikanyoosha kidole kubonyeza. Mama akakishika tena. "Hajasema."

"Mama, muda."

"Aseme."

Nikaandika. Jibu likaja: Pokeeni.

Hapo ndipo vumbi lilipotimka. Muda uliobaki haukutosha hata kuchemsha chai. Mimi nabonyeza, mama anasoma kimo cha wimbi, karani anaandika mpaka kalamu inatoa moshi. Tulipofika kipimo cha mwisho, mtandao ukaanza kujivuta, na kabla wimbi halijatokea ukurasa ukatuambia muda umekwisha. Grafu yetu ikabaki bila mkia.

Mwalimu alipoisikia habari yote alikaa juu ya gunia la vitunguu la mtu, akacheka mpaka mwenye gunia akaja kuuliza kuna msiba gani.

Nyumbani, mama watoto alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaenda kupima mlango wa banda kwa kamba. Alipima upana, akapima na urefu. Kwa siku zote tulizosubiri majibu, kamba ile ilining'inia kwenye msumari mbele ya macho yangu.

Majibu yakaja. Nilifaulu, kwa alama ambazo nikizitaja utauliza kama ni za mtihani au namba ya kiatu. Mama watoto aliitoa kamba kwenye msumari, akaifunga kwenye kibao, akakitundika mwenyewe mbele ya kiduka changu cha ufundi.

Mteja wa kwanza alikuja na redio kwapani. Mlango uko wazi, ananiona, nami namwona, lakini akasimama nje akabisha hodi kwa adabu zake zote. Nilikuwa na skrubu mdomoni. Akabisha tena.

Nikaitema skrubu, nikamkaribisha upesi, kabla hajafika ya tatu.