Kuku Aliyelala Juu ya Mgunga

Siku yangu ya kwanza kazini Garissa, Bwana Mifugo aliniuliza jina mara tatu, maana sauti yangu haikufika mezani kwake. Nilikuwa nimetoka sekondari, msichana wa watu wa ngamia, nina haya hata mbele ya mbuzi. Akanipa daftari. "Basi andika, binti. Usiyoweza kuyasema, yaandike."

Ilikuwa miaka ya vita. Jua likitua hakuna aliyetoka nje, na kwenye mifugo ya mbali hatukuweza kufika bila askari. Kazi yetu ikawa kuku wa mjini. Eeddo, shangazi yangu, alinicheka: "Serikali imekosa mnyama, sasa inatibu ndege."

Lakini Bwana Mifugo alikuwa hodari. Hakumshika kuku kabla ya kutazama upanga, ile nyama ya utosini. Ukiwa mwekundu wa kung'aa, anataga. Ukififia kidogo, huenda anaatamia au ananyonyoka manyoya, mwache. Ukiwa wa zambarau, pumzi haimtoshi. Ukipauka kabisa, alihofia homa ya matumbo ya kuku, inayomaliza banda zima.

Mama Kadzo, mpishi wa zahanati, alikuwa na kuku tisa. Malori ya chakula yalichelewa sana siku hizo, na mayai yale ndiyo yaliyowalisha wagonjwa. Panga zikapauka, tukaitwa kuwatazama jioni walipokuwa wakifungiwa. Jumatatu Bwana Mifugo akachinja wawili waliozidiwa, akawachoma. Jumatano tukarudi kuwamaliza saba waliobaki.

"Na wagonjwa niwape nini, Bwana Mifugo? Majivu?"

"Mama, leo kuku wanaougua ni wako. Kesho ni wa mji mzima."

Alikwisha kunoa kisu. Nikamvuta shati, nikamfungulia daftari: *Kuku mweusi halali bandani, hulala juu ya mgunga. Upanga wake mwekundu.*

Alisoma mara mbili. Kisha kile kisu akakiingiza kwenye ufa wa mti wanaolalia kuku. Wakamwagika papasi, wale kupe wanaonyonya usiku, wamevimba damu. Kwa ile amri ya kutotoka nje, kuku walifungiwa mapema na kufunguliwa jua likiwa juu. Papasi walikuwa na karamu ndefu. Kwetu ngamia akipauka fizi, mama hutafuta kupe kwanza.

Tulichoma banda, tukajenga la pili na kulipaka mafuta ya taa. Panga zikarudia wekundu wake.

"Uliandika lini?" aliniuliza njiani.

"Jumapili, Bwana."

Akatembea kidogo. "Jumatatu nilichinja wawili."

Kesho yake alikwenda kwa Mama Kadzo, akavua kofia, akasema kosa ni lake. Mimi hakunitaja.

Baadaye nilihamishiwa Wajir, kisha Eldas, chini ya wakubwa wanne. Wengine walimshinda Bwana Mifugo kwa elimu. Sikuona mwingine aliyevua kofia.

Sasa nimestaafu, nina kuku sita nyuma ya nyumba. Vijana wa ofisi ya mifugo huja kuniuliza habari za panga, kisha hucheka, wakiniita bibi kwa lugha yetu: "Ayeeyo, mbona unatupigia kelele hivyo?"

Nawajibu kwamba kuna kuku wawili waliokufa Garissa kwa sababu ya sauti ndogo.