Ishirini na Moja, Mara Kumi

Mzee Silima wa Wawi amepima mvua kwa miaka thelathini na miwili, na sijapata kumjua mtu mkaidi kama yeye. Saa tatu kamili asubuhi hufungua uzio wa waya nyuma ya nyumba yake, akamimina maji ya mkebe kwenye bilauri ya kupimia, akainama mpaka jicho likawa sawa na maji, kisha akaandika. Ukimsalimu kabla hajaandika, haitikii. Daftari zake nilizisifu mbele za watu. Nilisema laiti wapimaji wote wangekuwa kama yeye. Mdomo wangu huu.

Mimi ni Rahila, nafanya hesabu za mvua Chake Chake. Wahandisi wakitaka kujenga karavati la kupitisha maji chini ya barabara huniuliza: mvua kubwa ya kutarajiwa mara moja katika miaka ishirini na mitano ni kiasi gani? Huchukua ile siku moja iliyonyesha kupita zote katika kila mwaka, nikazipanga, nikakadiria. Kwa barabara ya bondeni chini ya Wawi niliwapa milimita tisini na nane. Wakaweka bomba la kutosha maji hayo.

Masika iliyopita maji yalipanda juu ya barabara. Mwatima, binti wa pekee wa Mzee Silima, alikuwa akirudi kutoka kazini Tibirinzi, adhuhuri, kwa miguu. Kesho yake asubuhi, watu wakiwa bado wanamtafuta, babake alipima kama kawaida: mia moja na arubaini. Saa nne wakaukuta mwili wa Mwatima kwenye mikoko.

Baada ya arubaini ya msiba niliambiwa nirudie hesabu kwa ajili ya karavati jipya. Safari hii nilifungua daftari zenyewe, siku kwa siku, jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo kama si uvivu. Mei 2021: ishirini na moja, ishirini na moja, mara kumi mfululizo. Mvua hainyeshi hivyo. Hata mtoto wa darasa la tatu angecheka. Mimi mwenye shahada nilikuwa nimechomoa namba kubwa ya mwaka nikapita zangu.

Nikamwendea barazani kwake. Aliitikia shikamoo yangu, nikamfungulia ukurasa. Aliutazama sana.

"Nlikuwa itikafu, mwanangu," akasema. "Kumi la mwisho la Ramadhani. Nishatia nia, sitoki msikitini. Mwatima kaniomba ufunguo anipimie, nikamnyima. Nikamwambia hii amana, si mchezo wa watoto."

Alipotoka siku ya Idi alikuta mkebeni milimita mia mbili na kumi. Aliwahi kufokewa na mkubwa mmoja kwa kuacha visanduku vitupu daftarini, basi akazigawa kwa siku kumi, sawasawa, kama mtu agawaye sadaka asitake kumdhulumu yeyote.

"Ilinyesha siku ngapi, Mzee?"

"Moja. Mfungo wa ishirini na sita, toka alfajiri hata laasiri. Mabati yakipiga kelele, imamu hatumsikii. Siku nyengine jua tupu."

Nilimwomba asahihishe kwa mkono wake, atie saini. Bila hivyo siku ile isingeingia kwenye hesabu, na karavati jipya lingekuwa dogo vilevile, na watoto wa watu wanapita pale. Akaandika: mia mbili na kumi, siku moja. Hati yake haikutetereka.

Kabla ya kwenda kwake nilikuwa nimeshaijaribu hesabu kwa kukisia kwamba yote ilinyesha siku moja, na jibu nilikuwa nalo mkobani. Nilimwomba Mungu Mzee asiniulize.

"Ungelikuwa nayo hii mwanzo," akasema, "lile bomba lingelikuwa kubwa?"

"Mara mbili yake, Mzee. Na mimi ningeliziona zile kumi kama ningelitazama. Kosa ni langu pia."

Hilo la pili hakulisikia, au hakulitaka.

"Na maji ya siku ile ya Mwatima, yangelipita?"

Nilitaka kusema Mungu ndiye ajuaye, na ingekuwa kweli. Lakini nilikuwa nimetoka kumtaka yeye aandike ukweli.

"Yangelipita," nikasema. "Juu ya barabara yasingelifika."