Ndevu za Mfalme Aliyelala Mlimani

Haya yalinifanya nipite porini kwa miezi ili nisikutane na watu wa kwa kina Nyemo, msichana niliyemposa, na hata leo nikiukumbuka uso wa mama yake natamani kujifunika shuka kichwani, basi chekeni, lakini chekeni polepole.

Ilikuwa siku zile za Wadachi, yaani Wajerumani, pale misheni karibu na Dodoma. Mchungaji alitusimulia habari za mfalme wao wa kale sana, eti hakufa, amelala ndani ya mlima, ndevu zake nyekundu zimekua mpaka zimeizunguka meza, na watu wake wakipata shida ataamka. Akataka tuigize hayo siku ya sikukuu, mbele ya Bwana Shauri mwenyewe, Mdachi mwamuzi wa bomani, na mfalme niwe mimi.

Sasa mimi wafalme nilikuwa nawajua (yaani nilidhani nawajua): mtu mkubwa, haogopi, hatikisiki. Ndevu tulizisuka kwa nyuzi za mbuyu, tukazipaka udongo mwekundu, Mchungaji akasema, "Petro, zifunge kwa kamba nyuma ya masikio." Kamba! Mfalme mzima afungwe kamba kama ndama? Nikaitika, "Ndiyo, Bwana," kisha nikaenda kwa mjomba kuomba asali, nikajipaka kidevu na mashavu, nikazibandika, zikashika vizuri ajabu.

Na kwa kuwa posa yangu kwa Nyemo ilikuwa haijajibiwa, nikamwalika mama yake akae mbele kabisa, aone mkwe anayemjia ni wa namna gani.

Sikukuu ikafika, nikalala mezani, watoto wakaimba. Nyuki wa kwanza akatua puani. Nikajiambia, mfalme hatikisiki. Wakaja wengine, wakaingia ndevuni, wakanitambaa midomoni, nami nimefumba macho jasho linanitoka, nasikia watu wakinong'ona, "Tazama alivyo imara!" (na hata pale nikavimba kichwa, Mungu anisamehe), mpaka mmoja akaniuma kwenye kope.

Niliruka kwa ukelele, meza ikapinduka, nikawa najipiga makofi usoni, nyuki wakakasirika wakawavamia wote, Bwana Shauri akakimbia akiacha kofia, nami sioni kitu, nikashika nguo ya kwanza niliyoigusa nikaivuta nijifunike. Ulikuwa mgolole wa mama yake Nyemo. Akabaki na kaniki ya kiunoni tu mbele ya umati, nyuki wakimuuma mgongoni, na kwetu mama mkwe hata mkono humgusi!

Kesho yake mjomba alinipeleka kuomba radhi, na mbuzi. Tulimkuta mama ameketi, ametupa mgongo.

"Mbukwa, mama," nikamwamkia.

Akauliza bila kugeuka, "Wale nyuki uliwajua tangu mwanzo?"

"Niliwajua, mama."

"Nami nilikuwa mbele yako, na watoto wale wote. Mbona hukusema?"

"Nilikuwa mfalme, mama."

Akageuka. Jicho moja lilikuwa limevimba, limefumba kabisa. "Mwanangu haolewi na mfalme," akasema. "Rudini baada ya mavuno, nikiweza kumtazama huyu."

Tulirudi, na Nyemo nilimpata, lakini tangu hapo kila Mchungaji alipotafuta waigizaji mimi nilikuwa na homa. Nami nimeapa: kitu kikianza kuniuma, nitapiga kelele palepale, hata mbele ya Kaizari.